Mapenzi na Taabu za Binti wa Mwaloni



Katika chuo changu hapa Ngombezi, karibu na mji wa Korogwe, nimewasomesha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Wengi ni watoto wa wakulima wa Kizigua na Kisambaa, na wengine ni wajukuu wa wale waliokuja zamani kukata mkonge, wakaoa, wakazaa, wakazikwa hapa. Bahari hatuioni. Tunachokiona ni mto unaopita ukienda zake Pangani, na samaki wanaotufikia aghalabu ni wale waliokwisha kauka: ng'onda na papa kutoka pwani, na dagaa wa Mwanza ndani ya magunia. Basi haikunipitia moyoni kwamba iko siku nitakaa kitako niandike habari za wavuvi. Aliyenilazimisha ni binti mmoja niliyemsomesha tangu alifu kwa ujiti.

Jina lake sitalitaja, maana yu hai na ana heshima yake. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kueleza, kwa sharti moja tu, kwamba nisimfanye aonekane mtu wa kuonewa huruma. Nitajaribu.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa alimpenda kijana wa Ukerewe. Kijana huyo alikuwa utingo wa lori lililoleta dagaa sokoni Korogwe, na kila safari yake ikiangukia Ijumaa alikuja kusali kwetu. Mama wa binti alikuwa akinunua dagaa kwake kwa ajili ya kuuza rejareja, na baada ya miezi michache mama akaanza kuona kwamba kipimo chake kina nyongeza kubwa kuliko vipimo vya wenzake. Mwanamke mzima hahitaji kuambiwa maana ya nyongeza. Akamwuliza bintiye, naye hakuficha: "Nampenda, Mama, lakini sijatoka naye hata hatua moja. Nimemwambia aje nyumbani." Na kijana akaja nyumbani, pamoja na mjomba wake, kwa mlango wa mbele na mchana.

Nayaandika haya makusudi, kwa kuwa ziko nyumba zetu ambazo neno mapenzi likitajwa na binti hupigwa kofi. Binti huyu alipenda kama watu wanavyopenda, kisha akaupeleka upendo wake mahali panapostahili. Sijui ni jambo gani jingine mzazi angeweza kumtaka mwanawe.

Mama yake aliogopa maji tu. Ilikuwa miezi michache baada ya tarehe 20 Septemba 2018, siku kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya mia mbili. Mama alikuwa amesikia habari zile katika redio, na kila lilipotajwa jina la Ukerewe alishika shavu. Lakini ndoa ilifungwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Mimi ndiye niliyesoma khutba, na kabla yake nilimwendea binti ndani, kama ilivyo desturi, nikamwuliza anataka mahari gani. Akasema: "Shilingi laki tano taslimu, na msahafu." Wajomba wakacheka kwamba ni kidogo. Fedha zikahesabiwa juu ya mkeka mbele ya mashahidi, na msahafu ukapelekwa ndani kwa bibi arusi. Na zile laki tano? Nitazirudia baadaye. Kwa sasa msomaji ashike tu kwamba nilikuwapo na niliona zilikokwenda.

Wakaondoka kwa basi, wakalala njiani, wakapanda meli Mwanza, na kutoka Nansio wakavuka tena kwa mtumbwi mpaka kwenye kambi ya wavuvi katika kisiwa kimoja kidogo. Kijana alikuwa ameacha kazi ya lori, kwa kuwa utingo halipwi cha kulisha mke, akarudia kazi ya baba zake.

Hapa yanipasa nieleze maisha ya huko, maana mimi mwenyewe nilikuwa mjinga wa mambo haya, na huenda msomaji wa Handeni au wa Lushoto ni mwenzangu.

Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi hutoka jua linapozama, imebeba taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu za jua. Taa huwekwa juu ya vyelezo zikaachwa zielee, dagaa wakaja kukusanyika chini ya mwanga, kisha wavu ukazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, kwa kuwa mwanga wa mbinguni huishinda taa ya mwanadamu, na siku hizo kambi nzima huishi kwa madeni. Alfajiri mitumbwi ikirudi ndipo kazi ya wanawake inapoanza. Hununua kwa ndoo pale pale mwaloni, ndiyo gati lao, wakabeba, wakaanika juu ya vichanja au juu ya mchanga, wakageuza, wakaokota takataka, wakafukuza ndege. Mvua ya robo saa yatosha kuharibu mali yote ya siku. Dagaa walionyeshewa hawana bei ya chakula cha watu, huuzwa kulishia kuku. Binti aliniambia siku moja kwa simu: "Maalimu, mwanamume huvua usiku, mwanamke huanika mchana kutwa, lakini mwenye mtumbwi ndiye anayetaja bei."

Mwenye mtumbwi huitwa tajiri. Vijana wanaovua hugawana kilichobaki baada ya tajiri kukata mafuta na gharama zake. Mwanamke hana fungu. Yeye ni mnunuzi, na akikosa fedha mkononi asubuhi ile, hana kazi siku ile.

Haikuwa hivyo siku zote, wala samaki hawakuwa hao hao. Katika miaka ya 1950 alitiwa ziwani samaki mgeni, sangara, na kuanzia miaka ya 1980 akaenea mno, akala samaki wengi wa asili waliokuwa wakiliwa na kuuzwa na watu wa pwani zile. Viwanda vikajengwa Mwanza, minofu ikapelekwa Ulaya kwa ndege, na kilichobaki kwa akina mama ni vichwa na mifupa, wanayoita mapanki, ya kukaanga na kuuza. Ndiyo sababu dagaa wakawa tegemeo la mwanamke mwenye mtaji mdogo.

Sasa nisamehewe nitoke kidogo kambini, kwa ajili ya jina la ziwa lenyewe. Wenyeji walikuwa na majina yao: Waganda waliliita Nalubaale, na wengine Nyanza. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekwisha pata habari zake kwa wafanya biashara wa Kiarabu huko Tabora, alilifikia upande wa Mwanza pamoja na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Malkia huyo alitawala tangu mwaka 1837 mpaka 1901. Nilipokuwa nikifikiri habari za binti yetu nilijiuliza: je, katika nchi ya malkia mwenyewe, zama zile zile, binti wa mvuvi alikuwa na hali gani? Nikasoma nilichokipata, na nilichokikuta kilinikalisha kimya.

Huko Uskoti, katika vijiji vya wavuvi vya zama za Victoria, mwanamke ndiye aliyetia chambo katika ndoana mamia kwa mamia, kwa mikono iliyokufa ganzi kwa baridi. Katika vijiji kadha wa kadha wake waliwabeba waume zao mgongoni wakaingia nao majini mpaka kwenye chombo, ili mwanamume asianze safari na miguu iliyolowa. Wasichana waliokuwa hawajaolewa walifuata samaki waitwao heringi kutoka bandari hata bandari, wakipasua matumbo ya samaki watatu watatu kwa kundi, wawili wakipasua na mmoja akipanga katika pipa kwa chumvi, na vidole vyao wamevifunga vitambaa kwa sababu ya visu. Wakapendana na wavuvi katika bandari zile, wakaolewa. Tarehe 14 Oktoba 1881 bahari ilikuwa shwari asubuhi baada ya siku nyingi za upepo mbaya, watu wana njaa, wavuvi wa Eyemouth na majirani zao wakatoka. Mchana ikaja tufani. Wakafa wanaume 189, na 129 kati yao walikuwa wa mji mmoja huo wa Eyemouth. Vyombo vingine vilivunjika mlangoni mwa bandari, wake na mama zao wamesimama nchi kavu wanatazama.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya mali. Katika sheria ya Uingereza ya zama zile mwanamke alipoolewa, fedha zake na vitu vyake vilikuwa vya mumewe. Mwaka 1870 ndipo aliporuhusiwa kushika ujira wa mikono yake, na mwaka 1882 ndipo alipopewa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe kama asiyeolewa. Uskoti walikuwa na sheria yao, nayo ni ya mwaka 1881, mwaka ule ule wa tufani.

Msomaji atasema: Alhamdulillahi, sisi tulitangulia. Naam, tulitangulia. Katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kuwapa wanawake mahari yao, wao wenyewe, na hakuna ruhusa ya kuigusa ila kile wanachokitoa kwa radhi ya nafsi zao. Bibi Khadija, Mungu amwie radhi, alikuwa mfanya biashara mwenye mali yake, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amesafiri na bidhaa zake kabla hajamwoa. Hata sheria ya nchi yetu, ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, yasema mke ana haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Lakini, ndugu yangu, usifurahi upesi. Turudi kambini.

Waliishi miaka miwili na nusu. Kwa maneno yake binti, ilikuwa miaka ya raha, na taabu yake ilikuwa ya watu wawili. Nyumba yao ilikuwa ya mabanzi na turubai. Usiku wa giza mume akiwa majini yeye alikaa nje akihesabu taa. Kwa mbali taa za mitumbwi huonekana kama mji juu ya maji, na alijifunza kuijua taa ya mtumbwi wao kwa vile ilivyokuwa na mwanga wa manjano kuliko nyingine. Mume akirudi alimletea fungu lake la dagaa mkononi, hivyo yeye hakuwa na haja ya kusimama mwaloni pamoja na wanunuzi. Akaanika, akauza, wakapata mtoto wa kiume. Katika siku za mwezi mpevu mume alikuwa akimwomba amfundishe kusoma msahafu ule wa mahari, maana yeye alikuwa amekatiza chuo utotoni. Walifika Suratu Yasin.

Usiku mmoja mwaka 2021 ulivuma upepo, na taa ya manjano ikazimika. Mitumbwi miwili ilipinduka. Mwili wa mumewe ulipatikana siku ya tatu, ukazikwa kisiwani.

Baba yake akataka kwenda kumchukua, lakini binti akasema kwamba mumewe amezikwa pale, na eda atakaa katika nyumba aliyofiwa. Nilimwona mkaidi, baadaye nikaona kwamba alikuwa ameyashika niliyomfundisha kuliko nilivyoyashika mimi. Eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi. Malkia Victoria alifiwa na mumewe mwaka 1861, akavaa nguo nyeusi miaka arobaini mpaka alipokufa. Yeye alikuwa na nani wa kumletea chakula, hakuhitaji kuuliza. Binti yetu alikaa siku kumi na tano, akiba ikaisha. Akanipigia simu.

"Shikamoo, Maalimu."

"Marahaba, mwanangu. Vipi hali?"

"Alhamdulillahi. Maalimu, nina swali la dini. Je, nimeruhusiwa kutoka mchana kwenda mwaloni, nami nimo edani?"

Nikamjibu kama wanavyosema wanazuoni wengi, kwamba mjane mwenye haja ya riziki hutoka mchana, akarudi kulala nyumbani mwake, asijipambe wala asitie manukato. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi nitakwenda. Lakini, Maalimu, huko mwaloni hawauzi kwa fedha tu."

Sikumwelewa. Ikabidi anieleze, naye aliona haya, na mimi niliona haya zaidi.

Jambo lenyewe ni hili, na ingawa gazeti hili husomwa na vijana, afadhali walisikie kwa mwalimu kuliko walisikie kwa aliyekwisha kulitenda. Samaki wanapokuwa wachache na wanunuzi wengi, mvuvi au tajiri humchagua wa kumwuzia, na humchagua mwanamke aliyekubali kumpa mwili wake. Fedha bado atatoa. Mwili ni kwa ajili ya kupata nafasi ya kununua. Kwa upande wa Kenya Wajaluo wana neno lake, jaboya, yaani yule mvuvi ambaye mwanamke amefungamana naye kwa njia hiyo. Watu huita mapenzi. Wapo hata wanaooana hivyo kwa msimu wa dagaa, na msimu ukiisha kila mmoja huenda kambi nyingine. Madhara yake si ya aibu pekee. Katika pwani za ziwa hilo ndiko UKIMWI ulikoonekana mapema katika nchi zetu: mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika mwalo wa Kasensero huko Uganda, na mwaka 1983 katika mkoa wetu wa Kagera. Makaburi ya vijana yalijaa, na bibi wakalea wajukuu yatima.

Alipotoka siku ile ya kwanza, tajiri wa mtumbwi aliozama nao marehemu alimwambia kwamba marehemu aliacha deni la nyavu, na kwamba yako mapatano yanayoweza kulifuta. Vile vile ataendelea kupata ndoo zake kila alfajiri kama zamani. Binti akamwuliza mapatano gani, akaambiwa. Akajibu mbele ya watu: "Deni la marehemu hulipwa katika mali yake. Aliacha godoro na redio. Njoo uchukue." Kisha akaenda zake, na kwa muda wa wiki tatu hakuuziwa hata ndoo moja.

Yaliyomweka hai wiki zile ni wanawake wenzake. Walikuwa wanne, wawili Waislamu na wawili Wakristo, wote wajane au walioachwa. Kila mmoja alimwekea bakuli moja la dagaa katika ndoo yake, naye akawaanikia wote wanne walipokwenda kulala. Najua hakika kwamba mmoja wao alikuwa akizipata ndoo zake kwa njia ile iliyo haramu, na binti alijua, na alikula. Aliniuliza kama ni dhambi. Nikamwambia ale. Mwenye elimu kuliko mimi anisahihishe.

Baada ya hapo ndipo lilipokuja neno lililoniangusha. Akaniambia: "Maalimu, tumekuwa tukifikiri. Tajiri hana nguvu kwetu ila kwa sababu chombo ni chake na taa ni zake. Sisi tukiwa na taa zetu tutazikodisha kwa mtumbwi, na sharti letu litakuwa kwamba dagaa watakaovuliwa kwa taa hizo tuuziwe sisi kwanza. Wenzangu wana akiba kidogo katika kikoba. Mimi sina kitu. Naomba umwambie Baba anipe mahari yangu."

Hebu nizirudie zile laki tano. Zilipokwisha hesabiwa juu ya mkeka, mjomba wa mwanamume alizikabidhi kwa baba wa binti, baba akazitia katika mfuko wa kanzu yake. Sote tuliona. Mwezi uliofuata nyumba yake ikaezekwa mabati. Hakuiba gizani, alifanya kama baba yake alivyofanya, na kama jirani zake wote wanavyofanya, kwani kwetu watu huchanganya mahari na vile vitu vya desturi, mkaja wa mama na kilemba cha baba, mpaka haijulikani kipi ni kipi. Lakini mimi nilijua kipi ni kipi. Nimeisomesha sura ile mara nyingi zisizohesabika. Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, pilau iko njiani, na mzee yule ni rafiki yangu; nikatazama pembeni. Kwa miaka mingi nimefungisha ndoa hapa Ngombezi, na ukiniuliza ni mabibi arusi wangapi walioshika mahari yao kwa mikono yao wenyewe, sitapenda kukujibu.

Tuliowacheka Waingereza kwa sheria yao ya 1882 tulikuwa tumeificha yetu katika mfuko wa kanzu.

Na jambo analolisema binti si ndoto ya mtoto. Katika mwalo wa Nduru, karibu na Kisumu, yapata mwaka 2011 wanawake waliamua kuikata biashara ile ya mwili kwa kumiliki mitumbwi wao wenyewe, wakaajiri wanaume wawavulie. Wakapata msaada, wakapata vyombo, na wengi wao wakaacha njia ile. Haukuwa ushindi wa moja kwa moja. Mitumbwi ilichakaa, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakakifunika kijiji chao. Hata hivyo walikwisha onyesha mahali kamba ilipofungwa. Na hapa kwetu Tanzania, mwaka 2019, wanawake wa kazi ya uvuvi walianzisha chama chao cha nchi nzima, TAWFA, kwa hiyo msichana wa kisiwani aliye na shida hana sababu ya kudhani kwamba yu peke yake.

Wapo watakaosema, kwa nini asiolewe tena yakaisha? Huenda akaolewa, Mungu akipenda, bado kijana. Lakini mwanamke anayeolewa kwa sababu ya ndoo ya dagaa ameolewa na ndoo. Wapo pia wanaosema binti asiende mbali. Mimi simo katika hao. Nimeona taabu hizo hizo katika mashamba ya mkonge na katika vyumba vya watumishi wa mijini. Tofauti ni kwamba ziwani zina jina.

Nikamwendea mzee. Haikuwa kazi nyepesi. Jioni ya kwanza aliniuliza kama nimetumwa kuja kumvulia nyumba mabati. Jioni ya pili hakuwapo. Jioni ya tatu nilimwambia kwamba kosa la kwanza ni langu, maana yeye hakusoma na mimi nimesoma, na kwamba niko tayari kutoa elfu hamsini zangu kama kafara ya kunyamaza kwangu. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa: "Mbuzi yule dume auzwe." Mzee akatazama juu kwenye mabati kwa muda mrefu. Mbuzi akauzwa. Fedha zangu alizikataa. Alisema mahari hailipwi na mwalimu.

Zilikwenda kwa mafungu: mbuzi kwanza, kisha mahindi ya msimu, kisha kibarua alichofanya. Kwa fungu la pili binti na wenzake wakanunua taa za betri, wakapata mtumbwi wa kukodisha, si kwa yule tajiri bali kwa mzee mmoja wa Kikerewe mwenye kumcha Mungu. Siku nyingine hupata ndoo kumi, siku nyingine hawapati kitu. Mara moja taa mbili ziliibwa. Yule mwanamke wa nne, niliyemtaja juu, sasa hununua kwa fedha tu.

Jana baada ya Magharibi mzee alikuja chuoni na shilingi elfu themanini zilizosalia. Macho yake hayaoni vizuri tarakimu za simu, akaniomba nimtumie mimi. Nikatuma, tukakaa kimya barazani. Haukupita muda simu ikalia.

"Shikamoo, Maalimu. Mpe Baba."

Nikampa simu, nikatoka nje kwenda kuwatazama watoto.